Kutoka Wodini Hadi Jaridani: Mwongozo Kamili wa Utafiti wa Upasuaji wa Uso Jijini Nairobi

Daktari anayesomea ubingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso hapa Nairobi huona mengi katika miaka michache ya mafunzo: vijana waliovunjika taya kwa kipigo au kwa ajali ya bodaboda, watoto waliozaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa, watu wazima wenye ameloblastoma, uvimbe wa taya, uliokua hadi ukabadilisha sura nzima. Sehemu kubwa ya maarifa hayo huishia kwenye tasnifu yenye jalada gumu ambayo hakuna anayeifungua tena. Wagonjwa tunao, na akili tunazo. Tunachopungukiwa mara nyingi ni rekodi iliyopangwa kabla ya upasuaji na mgonjwa aliyefuatiliwa baada ya kutoka wodini. Nashikilia kwamba utafiti mdogo uliowafuatilia wagonjwa wake karibu wote unamfaa daktari mwenzako kuliko mkubwa uliopoteza nusu yao, na hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya msimamo huo.

Hatua ya 1: Tafuta swali linaloweza kujibiwa

"Nataka kuchunguza majeraha ya uso" ni mada tu. Swali hutaja mgonjwa gani, anafanyiwa nini, analinganishwa na nani, kinapimwa nini, na lini. Chukua mfano huu, nitaurudia mara kadhaa: kwa watu wazima waliofungwa taya la chini kwa vyuma na skrubu, je, kuendelea kutoa antibayotiki kwa siku 5 baada ya upasuaji kunapunguza maambukizi ya kidonda katika wiki 6, ikilinganishwa na kusitisha baada ya saa 24? Swali hilo linatoka wodini moja kwa moja, linagusa gharama ya mgonjwa na usugu wa vijidudu, na jibu lake linaweza kubadilisha kinachoandikwa kwenye kadi ya dawa kesho.

Neno "lini" ndilo huangusha wengi. Kila tokeo la upasuaji wa uso lina saa yake. Maambukizi ya taya hujitokeza katika wiki za mwanzo. Udhaifu wa neva ya uso baada ya upasuaji wa parotidi, tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, unaweza kuendelea kupungua kwa miezi kadhaa, kwa hiyo ukipima mwezi wa kwanza pekee utaita wa kudumu kitu cha kupita. Matamshi ya mtoto aliyeshonwa kaakaa hayapimiki vizuri mpaka awe na maneno ya kutosha, karibu umri wa miaka 4 au 5. Ameloblastoma inaweza kurudi baada ya miaka mingi, ingawa zaidi ya nusu ya zinazorudi hujitokeza ndani ya miaka 5 ya kwanza. Kama una miezi 10 tu ya kukusanya data, usiulize kuhusu kurudi kwa ameloblastoma isipokuwa utumie faili za zamani. Chagua swali linaloingia ndani ya muda ulio nao.

Kabla ya kuandika pendekezo, pekua hazina za makala za mtandaoni, PubMed na African Journals Online, na hifadhi ya tasnifu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hifadhi hiyo ya mwisho husahaulika, na ndiyo itakayokuonyesha kwamba swali lako liliulizwa katika wodi hiyohiyo na mtangulizi wako, pamoja na mahali alipokwama. Makala yaliyofungwa kwa malipo, waulize wahudumu wa maktaba kama taasisi yako inayapata kupitia mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani.

Hatua ya 2: Chagua muundo

Taarifa ya mgonjwa mmoja inafaa pale jambo ni geni kweli. Mfululizo wa wagonjwa hueleza, haulinganishi. Kupitia faili za zamani ni nafuu, lakini utapata tu kile aliyekutangulia alichojali kuandika: ukitaka kujua kama mdomo wa chini ulikuwa na ganzi kabla ya upasuaji, faili nyingi zitakuwa kimya, na ukimya wa faili hauna maana kwamba ganzi haikuwepo. Kufuatilia wagonjwa kuanzia leo kwenda mbele huchukua muda zaidi na hutoa data unayoiamini. Jaribio la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu ndilo lenye nguvu zaidi kwa swali la tiba kama letu la antibayotiki, ila lina gharama na idhini za ziada.

Kuna mtego wa pekee katika uso. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na taya lililovunjika mahali pawili, au mpasuko wa pande zote mbili. Je, unahesabu wagonjwa au mivunjiko? Amua mapema. Mivunjiko miwili ya mtu mmoja inashiriki usafi mmoja wa kinywa, sigara zilezile na kinga moja ya mwili, kwa hiyo kuihesabu kama watu wawili tofauti kunaipa takwimu yako uhakika isioustahili. Mhakiki makini ataliona hilo kwenye jedwali lako la kwanza.

Hatua ya 3: Idadi ya wagonjwa

Tasnifu nyingi za hapa hutumia kanuni inayoitwa ya Fisher: mraba wa 1.96, mara uwiano unaotarajiwa, mara kinachobaki hadi 1, kisha unagawa kwa mraba wa kiwango cha kosa. Ukiweka uwiano wa 0.5 na kosa la 0.05, unapata 384. Kama wodi yako hupokea wagonjwa 200 tu wa aina hiyo katika kipindi chako, kuna marekebisho ya idadi ndogo: gawa 383 kwa 200, jumlisha 1, kisha gawa 384 kwa jumla hiyo, unapata takriban 132.

Kanuni hiyo imekusudiwa kukadiria ukubwa wa tatizo. Haifai kulinganisha makundi mawili, na hapo ndipo mapendekezo mengi hurudishwa. Kwa swali la antibayotiki, ukidhani maambukizi ni asilimia 20 kwa kundi moja na 10 kwa jingine, na ukitaka nguvu ya asilimia 80, yaani uwezekano wa kuiona tofauti hiyo kama ipo kweli, utahitaji takriban watu 200 kwa kila kundi. Ongeza wanaotarajiwa kupotea: kama ni asilimia 20, andikisha 250 kila upande. Idadi hiyo ikikutisha, ungana na hospitali nyingine au badilisha swali. Kupunguza wagonjwa kimyakimya ili utosheke na ulio nao ni kuwasumbua watu kwa utafiti usioweza kujibu chochote. Mwone mtakwimu sasa, kabla ya data, maana baadaye hatakuwa na la kuokoa.

Jambo jingine la hesabu ambalo madaktari wapasuaji tunahitaji kulikumbuka: ukifanya upasuaji 30 bila neva hata moja kuumia, hatari haijawa sifuri. Gawa 3 kwa 30, unapata kikomo cha juu cha takriban asilimia 10. Andika kikomo hicho kwenye makala.

Hatua ya 4: Idhini, kwa mpangilio wake

Anza na kamati ya maadili. Kwa walio Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi ni kamati ya pamoja ya taasisi hizo mbili. Kwingineko tumia kamati inayotambuliwa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Ukishapata idhini ya maadili, omba leseni ya utafiti ya NACOSTI mtandaoni, inayotakiwa kwa mujibu wa sheria ya 2013. Kisha ruhusa ya hospitali yenyewe. Hospitali za kaunti kama Mbagathi na Mama Lucy Kibaki zina milango yao ya kubisha. Jaribio la dawa au kifaa tiba hupelekwa pia kwa Bodi ya Famasia na Sumu.

Jaribio la kugawa wagonjwa lisajiliwe hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa. Rejista ya Pan African Clinical Trials Registry iko Cape Town na inatambuliwa na Shirika la Afya Duniani. Tangu 2005 majarida yanayofuata kamati ya kimataifa ya wahariri wa tiba, ICMJE, hukataa majaribio yaliyosajiliwa kwa kuchelewa. Kosa hili halina dawa. Kusajili baadaye hakuyaridhishi majarida hayo.

Tenga miezi kwa hatua hii, na utumie muda huo kufanyia majaribio fomu yako ya data kwa kuijaza kwa mifano ya kubuni.

Hatua ya 5: Ridhaa, na uso wa mtu

Hapa ndipo utafiti wetu unapotofautiana na wa goti au nyongo. Tunachokichunguza ndicho kinachomtambulisha mgonjwa kwa mama yake na kwa majirani. Kufunika macho kwa mstari mweusi hakutoshi. ICMJE inasema hivyo waziwazi. Kovu, umbo la pua au jino la dhahabu vinatosha kwa mtu wa kijiji kimoja kumjua. Hata picha za skani ya CT zikijengwa upya kwa programu zinaweza kuonyesha uso, na faili zake hubeba jina na tarehe ya kuzaliwa ndani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti.

Omba ruhusa tatu tofauti za picha, kila moja na sahihi yake: picha za matibabu, za kufundishia, na za kuchapishwa. Eleza kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Kama Kiswahili chake si kizuri, tafuta mkalimani ambaye si jamaa yake. Maneno yawe ya kawaida, kwa mfano:

"Mama, tunaomba ruhusa ya kupiga picha uso wa mtoto wako kabla na baada ya upasuaji. Tungependa pia kuzitoa kwenye jarida linalosomwa na madaktari. Jarida hilo liko mtandaoni, kwa hiyo mtu yeyote duniani anaweza kuziona, na zikishatoka hatuwezi kuzirudisha. Hatutaandika jina, lakini anayemfahamu mtoto anaweza kumtambua. Ukikataa picha za jarida, mtoto atatibiwa vilevile na daktari yuleyule. Unaweza kwenda kuzungumza na baba yake kwanza."

Sentensi kuhusu kutibiwa vilevile isemwe kwa sauti, isibaki kwenye karatasi pekee. Mzazi aliyesafiri kutoka Kitui au Garissa na kungoja foleni ya upasuaji ana sababu ya kuogopa kumuudhi daktari. Ndiyo maana naona ni vyema anayeomba ridhaa asiwe yule atakayeshika kisu. Kwa aliye chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ndiye anayetia sahihi, lakini mtoto anayeweza kuelewa aulizwe pia, na akikataa picha asipigwe.

Kwa walioumizwa, swali la "nani alikupiga" liulizwe faraghani. Aliyemleta hospitalini anaweza kuwa ndiye aliyempiga. Mweleze mgonjwa kwamba fomu yako ya utafiti haina uhusiano na fomu ya P3 ya polisi.

Picha zenyewe zipigwe kwa namna moja kila mara: mbele, mshazari kushoto na kulia, ubavu kushoto na kulia, na kutokea chini kwa pua na mdomo. Weka kichwa ili mstari wa Frankfurt, unaotoka juu ya tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa tundu la jicho, uwe sambamba na sakafu. Umbali uleule, mwanga uleule. Tumia kamera ya idara, si simu yako yenye WhatsApp, na futa taarifa za mahali na tarehe zinazojificha ndani ya faili.

Hatua ya 6: Kupima na kufuatilia

Andika maana ya kila kipimo kabla ya mgonjwa wa kwanza. "Maambukizi" ni usaha? Ni kidonda kuachia? Ni daktari kuamua kuongeza antibayotiki? Chagua, andika, usibadilishe. Kufunguka kwa kinywa kupimwe kwa milimita, kati ya ncha za meno ya mbele ya juu na ya chini. Kwa neva ya uso, ngazi 6 za House na Brackmann za 1985 zinaeleweka kila mahali. Ganzi ya mdomo wa chini ipimwe kabla ya upasuaji pia, kwa sababu mvunjiko wenyewe huumiza neva. Usipofanya hivyo, utambebesha daktari mpasuaji ganzi iliyoletwa na rungu.

Anayepima matokeo asiwe aliyefanya upasuaji, na ikiwezekana asijue mgonjwa alikuwa kundi gani. Kwa tathmini za macho, kama ubora wa kovu, watu wawili wapime picha zilezile kila mmoja kivyake, kisha kokotoa makubaliano yao kwa kipimo cha kappa.

Kisha ufuatiliaji, mahali ambapo tafiti nyingi hufa. Tazama hesabu hii ya mfano. Wagonjwa 60, waliorudi ni 40, wenye maambukizi kati yao 6. Je, kiwango ni asilimia 15? Kama wote 20 waliopotea walikuwa salama, ni asilimia 10. Kama wote waliambukizwa, ni asilimia 43. Hakuna programu ya takwimu inayoweza kukuambia ukweli uko wapi kati ya hapo.

Kwa hiyo fanya yafuatayo siku ya kuandikisha. Chukua nambari tatu za simu: yake, ya jamaa anayeishi naye, na ya mtu wa nyumbani kwao ambaye hahami. Zipige palepale uhakikishe zinaita, na umwombe mgonjwa ruhusa ya kuwapigia hao wengine bila kutaja ugonjwa wake. Weka bajeti ya nauli na uitume kwa M-Pesa anapofika kliniki; kamati ya maadili huihesabu kuwa fidia ya gharama, mradi kiasi kiko kwenye pendekezo. Fungamanisha kipimo na siku ambayo mgonjwa atakuja kwa haja yake: aliyefungwa meno kwa waya hutolewa waya kwa kawaida wiki ya 4 hadi ya 6, na siku hiyo hakosi. Mgonjwa huyohuyo hawezi kuzungumza vizuri kwenye simu kabla ya hapo, basi tumia ujumbe mfupi au mpigie anayemtunza. Watoto wa shule wapangie likizo za Aprili, Agosti na Desemba.

Data iingizwe kwenye programu ya kukusanyia data kama KoboToolbox, au REDCap kama taasisi yako inayo. Kila mgonjwa awe na nambari ya utafiti; orodha inayounganisha nambari na jina ikae kwenye faili nyingine iliyofungwa. Kila Ijumaa pitia fomu za wiki hiyo. Nafasi tupu hujazika wiki ileile, si mwaka unaofuata.

Hatua ya 7: Uchambuzi

Andika mpango wa uchambuzi kabla ya kufungua data, kisha uufuate. Programu ya R ni ya bure na inatosha. Toa tofauti kati ya makundi pamoja na upana wa uhakika wake wa asilimia 95, usitupe thamani ya p peke yake. Eleza wangapi walipotea na walifananaje na waliobaki. Ukigundua jambo usilolipanga, liripoti kama dokezo la utafiti ujao.

Hatua ya 8: Kuandika, na majina ya waandishi

Tasnifu ya kurasa 90 haikatwikatwi ikawa makala ya maneno 3,000; makala huandikwa upya. Anza na majedwali, kisha mbinu, matokeo, mjadala, utangulizi, na mwisho ikisiri. Fuata orodha ya ukaguzi ya muundo wako: STROBE kwa tafiti za uangalizi, CONSORT kwa majaribio, toleo la 2025, SCARE kwa taarifa ya mgonjwa wa upasuaji. Zote ni za bure. Katika mjadala, linganisha na kazi za Kampala, Dar es Salaam na Ibadan kabla ya kukimbilia Ulaya; wagonjwa wao hufika wakiwa wamechelewa kama wetu, na hilo hubadilisha matokeo.

ICMJE ina masharti manne ya uandishi, yote kwa pamoja: kuchangia kwa uzito wazo, data au uchambuzi, kuandika au kuhariri kwa kina, kuidhinisha toleo la mwisho, na kukubali kuwajibika. Mkuu wa idara asiyefanya lolote kati ya hayo hushukuriwa mwishoni. Najua ni vigumu rejistra, daktari aliye mafunzoni, kumwambia profesa hivyo, ndiyo maana kaeni na msimamizi wako mwanzoni kabisa, muandike majina na mpangilio wake, muweke sahihi. Fanyeni hivyohivyo na timu za wageni wanaokuja kushona midomo ya watoto kwa wiki moja: nani anamiliki data, nani ataandika, na Mkenya yupi atakuwa wa kwanza au wa mwisho. Programu ya akili bandia haiwezi kuwa mwandishi, na ukiitumia kunyoosha lugha sema hivyo.

Hatua ya 9: Jarida

Kwa swali la hapa nyumbani, fikiria Annals of African Surgery linalotolewa na chama cha madaktari wapasuaji wa Kenya, au East African Medical Journal. Kwa wasomaji wa fani yetu duniani kuna International Journal of Oral and Maxillofacial Surgery na Cleft Palate-Craniofacial Journal, miongoni mwa mengine. Soma matoleo ya karibuni ujue wanapenda nini. Uliza ada ya kuchapisha na msamaha wake kabla ya kutuma.

Barua pepe inayokusifu kupita kiasi na kukuahidi kuchapishwa ndani ya siku chache ni ya walaghai. Angalia kama jarida liko kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, au linapatikana PubMed, na umuulize mkutubi. Makala ikishaingia kwenye jarida la kilaghai ni vigumu kuitoa, na wagonjwa wako watakuwa wamejitolea bure.

Tuma kwa jarida moja kwa wakati. Likikataa, rekebisha kilicho sahihi katika maoni yao kisha utume lingine ndani ya wiki mbili, kabla moto haujapoa. Likiomba marekebisho, nakili kila hoja ya mhakiki, jibu chini yake, na uonyeshe ukurasa na mstari uliobadilisha. Unaweza kumpinga mhakiki, kwa heshima na kwa ushahidi. Wahakiki wa mbali huuliza mara nyingi kwa nini wagonjwa wako walichelewa kufanyiwa upasuaji. Wape sababu za kweli: rufaa, gharama ya vyuma, foleni ya chumba cha upasuaji. Kwa daktari wa hospitali inayofanana na yako, huenda aya hiyo ikawa ndiyo yenye manufaa kuliko zote.

Makala ikikubaliwa, kagua nakala ya mwisho tarakimu kwa tarakimu, hasa majedwali na picha. Peleka ukurasa mmoja wa matokeo kwa wodi na kamati ya dawa ya hospitali, na wapigie wagonjwa walioomba kuelezwa. Ukigundua kosa baada ya makala kutoka, mwandikie mhariri wewe mwenyewe, utaje jedwali na useme kama kosa hilo linabadilisha jibu. Majarida yana utaratibu wa kuchapisha masahihisho.